Talaka Houston, wazee Tanga

Tangu shauri langu la talaka lilipomalizika hapa Houston, Texas, wanawake wenzangu kutoka nyumbani hunipigia simu wakiuliza kama ni lazima kuweka wakili, na kama ni lazima, kwa nini wasimchukue yule aliyemsaidia dada fulani kule Minnesota. Sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili, lakini kwa maoni yangu mwenye watoto, nyumba na mume asiyeelewana naye asiende mahakamani peke yake, na wakili huyo awe wa hapo anapoishi. Leseni ya uwakili Marekani hutolewa na jimbo, kwa hiyo ya Minnesota haimpi mtu haki ya kusimama katika mahakama za Texas. Hata ndani ya Texas, shauri hufunguliwa katika kaunti ambayo mmoja wa wanandoa ameishi siku 90 zilizopita, naye awe amekuwa mkaazi wa jimbo kwa miezi sita.

Nyumbani Tanzania tumezoea njia nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na isipokuwa kwa sababu maalumu, mahakama haipokei madai ya talaka mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kabla ya baraza huwa wameshakaa wajomba, mashangazi, na shehe au mchungaji, na wote hao husikiliza bila kutazama saa. Nami nilipoingia ofisini kwa wakili wangu nilimchukulia kama mmoja wao: nikamweleza maneno ya mama mkwe, nikamweleza siku mume alipohama chumba. Bili ya kwanza ilipofika, nilikuta simu zangu zimeorodheshwa mstari kwa mstari, zimepimwa kwa vipande vya dakika sita sita, na ile niliyopiga jioni moja nikilia ilikuwa vipande saba. Hakunidhulumu, maana mkataba niliotia saini ulisema hivyo, lakini sehemu kubwa ya amana yangu, yaani fedha nilizomtangulizia, ilikwenda kwa maneno ambayo shangazi yangu wa Tanga angeyapokea usiku kucha. Baada ya hapo machozi niliyapeleka kwa shangazi, na kwa wakili nikapeleka taarifa za benki.

Kazi yake, hata hivyo, aliijua. Ndiye aliyenieleza kwamba huku mali iliyopatikana ndani ya ndoa huchukuliwa kuwa ya wote wawili, hata kama mshahara ulikuwa wa mmoja, mpaka anayebisha athibitishe vinginevyo. Kwetu, tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed, mke aliyedai mgawo wa mali ya ndoa, mwaka 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango, na uamuzi huo ninauheshimu sana; lakini mke bado hutakiwa kuuonyesha mchango wake. Kwangu mimi, niliyelea watoto miaka minane bila kuajiriwa, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Kinachoniumiza zaidi ni ushauri unaotoka nyumbani kwa nia njema: karatasi za mahakama usizijibu, yatakwisha yenyewe. Hapa Texas, aliyepelekewa madai hutakiwa kujibu kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita tangu akabidhiwe karatasi hizo. Akinyamaza, jaji anaweza kuamua bila yeye, na talaka inaweza kutolewa siku 60 tu baada ya madai kufunguliwa. Hakuna mjumbe atakayebisha hodi kumuuliza kwa nini hakufika.

Kilibaki kiwanja chetu cha Kange, kule Tanga. Wakili wangu alisema waziwazi kwamba sheria za ardhi za Tanzania hazijui na kwamba nitafute mwenzake wa huko, na kwa kauli hiyo nilizidi kumwamini. Nikampata mmoja Tanga. Nilipompigia, kabla hajataja hati wala ada, aliniambia, “Pole sana, dada. Wazee wameshakaa?”