Mtungi umepatikana, samahani bado

Jumamosi iliyopita mtungi wa gesi wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, ulipotea. Hatujauliza hata nani kapita uani, jina likawa limeshatajwa: fundi. Mafundi wamejaa mtaani kwetu, lakini ukisema hivyo kwa sauti ile kila mtu anajua ni yule aliyetoka gereza la Isanga. Vijana wanne wakaenda kupekua banda lake la kuchomelea, wakapindua mpaka ndoo ya makaa.

Saa kumi mtungi ukarudi. Shemeji mtu ndiye aliyeupeleka kubadilisha, akapitia mnadani Msalato kula nyama, simu ikazima chaji. Tukacheka sana. Aliyerudi bandani kumwambia fundi samahani sijamwona mpaka leo.

Sasa naomba kuuliza, tena kwa hasira: kifungo cha huyu mtu kinaisha lini? Hakimu alimpa miaka yenye hesabu. Aliiba nyaya za umeme kwenye nyumba ya watu inayojengwa, akakamatwa, akafungwa, akatumikia, akatoka. Kanisa nalo lilimtenga. Aliporudi alisimama mbele Jumapili, akatubu, ikatangazwa amerudi kundini, kina mama wakapiga vigelegele. Kina mama hao hao ndio waliomkataa kwenye kikoba chao cha kuweka na kukopa. Eti "tumemsamehe, ila hela ni hela."

Tunapenda sana kusema Biblia inataka mwizi aadhibiwe. Basi tuisome mpaka mwisho. Kumbukumbu la Torati 25 inasema fimbo zisizidi 40, ndugu yako asije akadharaulika machoni pako. Yaani hata pale anapochapwa bado ni ndugu! Na Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mtu waliyemwadhibu kwamba yale yanatosha, wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Jirani yangu Mwislamu akanikumbusha Surat An-Nur: anayemzushia mwanamke mwema uzinifu bila mashahidi wanne ni mijeledi 80. Tukabaki tunahesabu mtaani kwetu ni nani angebaki na mgongo.

Hata Katiba ina kalenda. Ibara ya 67 inamzuia kugombea ubunge mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu. Mitano! Ikipita, kwa kosa hilo njia ya kwenda mjengoni haina kizuizi tena. Fundi wetu haombi ubunge, anaomba kuweka hisa kwenye kikoba, na mlango wake hauna tarehe.

Najua mtaniambia nini. Mwenye zile nyaya alizinunua mara ya pili kwa kudunduliza, na mpaka leo akikutana na fundi anageuza uso. Sawa. Huyo ana haki ya kununa, simgusi. Lakini ninyi wengine mliibiwa nini? Na wale wa kupiga kelele za mwizi kisha magazeti yanawaita "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ni cheo, leo siwawezi.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka jana alikuja kwangu kupima mlango wa banda la kuku, nami nikachukua simu mezani, nikaitia mfukoni taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo. Aliona. Akajifanya anasoma futi kamba.

Juzi nimempelekea geti bawaba imekatika. Kabla hajaligusa akatoa daftari, akaandika: geti moja, jeusi, la dada wa nyumba ya kona, limeletwa na mwenyewe. Tarehe, saa. "Dada, weka sahihi hapa." Nikamwambia mimi na wewe tunajuana, ya nini? Akasema si kwa ajili yangu. Kurasa zote zilikuwa hivyo, mpaka sufuria la kuziba tundu lina sahihi ya mwenyewe.

Jioni alinirudishia kwa guta. Geti limefungwa kamba, yeye anatembea pembeni na ile karatasi mkononi, ameinyanyua kidogo, njia nzima kupita dukani, kupita kijiwe cha bodaboda, wale vijana wanne wamekaa pale pale.