Masta ya biolojia Bukavu: uanze na ziwa au na DNA?

Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) masta ni miaka 2, semesta 4, krediti 120. Kwa mwanafunzi wa biolojia hapa Bukavu, kinachoamua thamani ya miaka hiyo ni memwari, yaani tasnifu ya kumalizia masomo. Na kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja anakutana na mabishano yale yale: achukue mada ya tereni, yaani kupima, kuhesabu na kutambua viumbe vya Ziwa Kivu au vya msitu wa Kahuzi-Biega, ama achukue mada ya DNA? Wa DNA wanasema bila hiyo nafasi za udaktari huko nje ni ndoto. Wa tereni wanajibu kwamba DNA inakufanya uishi kwa kungoja maabara ya watu. Wote wana hoja, ila jibu linategemea kiumbe unachokichunguza, na hilo ndilo wengi hawaliulizi.

Chukua mbu wa malaria wa bonde la Ruzizi. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatenganishiki kwa macho, hata uwe na darubini nzuri namna gani. PCR, njia ya maabara ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, inawatenganisha kwa siku moja: kwenye jeli inayopanga vipande kwa urefu, wa kwanza anatoa mstari wa jozi 390 za besi (herufi za DNA), wa pili 315. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Arabiensis anapenda zaidi kuuma ng'ombe, na kuuma watu nje ya nyumba, ambako chandarua hakimfikii. Memwari inayoishia kuandika "gambiae" kwa jumla haijamsaidia mtu wa afya. Hapo wa DNA wameshinda, tena bila kutuma chochote ng'ambo.

Sasa chukua samaki wa Haplochromis wa Kivu, kama aina 15 zisizopatikana ziwa jingine. Mwanafunzi anavutiwa na wazo la kusoma kipande cha jeni ya COI, inayotumika sana kutambua aina za wanyama, herufi 650 hivi, akitumaini kila aina itatoa jibu lake. Haitoi. Samaki hawa wameachana majuzi tu kwa kipimo cha mageuko, na bado wanachangia mfuatano ule ule wa herufi. Aliyelipia kazi hiyo anarudishiwa matokeo yanayofanana kwa samaki tofauti. Kinachowatenganisha ni vipimo vya mwili kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu), umbo la meno, hesabu ya magamba na ya miiba ya matamvua: kazi ya mezani, ya subira, isiyohitaji umeme wa usiku kucha.

Umeme ndio unaoua memwari nyingi za molekuli. Vimeng'enya vya PCR vinakaa kwenye −20°C. Friza ikiyeyuka na kuganda tena mara kadhaa, vinapoteza nguvu, na mwanafunzi anabaki na jeli tupu bila kujua kama kosa ni la sampuli au la dawa za maabara. Ndiyo maana kila mara uweke sampuli moja unayojua kwamba inafanya kazi, na nyingine ya maji matupu. Kosa jingine linaanzia ufukweni. Kipande cha pezi ukubwa wa punje ya mchele kinataka ethanoli ya asilimia 95 au 96, ujazo wake mara kumi ya nyama, ibadilishwe kesho yake kwa sababu maji ya nyama yanaizimua. Alkoli ya duka la dawa ya asilimia 70 haitoshi, na formalini inaikatakata DNA. Lebo iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya kichupa, wino unayeyuka. Kama mfuatano lazima usomwe nje, ongeza vibali vya kusafirisha sampuli, na ukumbuke kwamba tangu waasi wa M23 walipouchukua mji Februari 2025, kutuma kifurushi na kulipa kupitia benki vimekuwa vigumu zaidi. Semesta moja haibebi yote hayo.

Lakini wa tereni wasijidanganye kwamba mada yao ni rahisi. Anayepima sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa sokoni anapima samaki waliokwisha kuchambuliwa na wauzaji: wakubwa huku, wadogo kule. Chukua sampuli mtumbwini, alfajiri, kabla hawajagawanywa. Sambaza wa sentimita 5 ana gramu moja hivi, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai. Tafuta inayosoma gramu 0.01. Panga tarehe kwa mwezi pia, maana mwezi mpevu ukiangaza taa za wavuvi hazivuti kitu na wengi hawatoki.

Kupima oksijeni ya majini nako kuna mitego yake. Kwa njia ya Winkler, inayotumia kemikali, chupa ya ml 250 inajazwa hadi ifurike, bila povu hata moja, kisha ml 1 ya sulfati ya manganezi na ml 1 ya iodidi yenye alkali zinaingizwa chini ya uso wa maji, palepale mtumbwini. Mashapo ya kahawia yanaonyesha oksijeni ipo. Yakiwa meupe, hakuna. Povu moja likibaki chini ya kizibo, maji ya kina yasiyo na oksijeni yataonekana kama yanayo.

Kubwa kuliko yote ni majira. Kati ya Juni na Septemba upepo unachanganya tabaka la juu la Kivu na oksijeni inashuka hadi kama mita 60. Wakati wa mvua inaishia juu zaidi. Anayengoja semesta ya mwisho ndipo ashike chupa atapata kipande kimoja cha mwaka, halafu juri ya kutetea memwari itamuuliza kuhusu kingine. Tereni ianze Juni ya mwaka wa kwanza wa masta, hata kama kichwa cha memwari bado hakijasainiwa.

Kwa hali ya Bukavu, kwa viumbe vingi, tunaona ziwa na msitu vitangulie, na pezi lihifadhiwe vizuri kwenye ethanoli kwa ajili ya udaktari wa baadaye. Anayeng'ang'ania DNA amuulize promota wake, yaani msimamizi wa memwari, maswali matatu kabla ya kukubali mada: friza ina jenereta au sola? Dawa ziko tayari au zitaagizwa? Na kama mfuatano hautarudi kwa wakati, sehemu ipi ya memwari itaweza kutetewa bila huo?