Boliti nne tu, jamani!

Mnaosaka silinda hedi (vile vichwa vya chuma vinavyofunika silinda) za injini za Chevrolet V8, zenye silinda nane, za miaka ya 1960, hamjachoka? Muuzaji anaapa kwa mbingu na ardhi: "Orijino, ya injini ya nguvu!" Naomba picha ya namba ya kuitambulisha hedi, ile 3782461 iliyotoka kwenye kalibu pamoja na chuma chenyewe. Iko chini ya kifuniko cha vali. Fungua boliti nne tu, unaiona! Kimya. Siku ya tatu picha inakuja: namba imesagwa kwa grenda. Nani husaga namba ya kitu halali? Hedi nyingine niliifuata mwenyewe: ufa baina ya viti vya vali (pale vali zinapokalia zikifunga), umefunikwa rangi ya chungwa inayonuka ubichi. Na bei? Ya injini nzima! Eti haipungui!