Baridi ya Makete inasingiziwa
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema wasichana wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kama Makete, huumwa sana tumbo la hedhi kwa sababu baridi inaingia kwenye kizazi. Nimelala bweni Makete, asubuhi za Julai nyasi nyeupe kwa barafu, na matroni wetu alikuwa na wimbo huohuo. Lakini binamu yangu wa Kyela, kwenye joto lote lile la ziwani, alijikunja kitandani kuliko sisi sote. Kinachouma ni prostaglandini, kemikali za mfano wa homoni zinazotengenezwa kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba homoni ya projesteroni inaposhuka kabla ya hedhi: misuli inajibana, damu inaifikia kwa shida, ndipo unapogugumia. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, ndiyo maana ukiimeza mapema, ukishakula, inasaidia kuliko kusubiri hadi umeanguka (mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza). Chupa ya maji ya moto nayo inatuliza kweli, nadhani hapo ndipo baridi ilipopata kesi. Ila maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka msiyaite ya kawaida, mkapime. Wa Mbeya na Njombe, shuleni kwenu bado mnaambiwa mvae masweta mawili?