Ukisaini fomu ya upasuaji hujasamehe uzembe

Saa nane usiku, korido ya wodi ya wazazi, nesi ananisogezea karatasi na kalamu iliyofungwa kwa kipande cha bandeji mezani isije ikaibiwa, ananiambia kaka saini hapa, dada yako anaenda kupasuliwa. Nikasaini. Sikusoma, na hata ningesoma ilikuwa Kiingereza kitupu, kopi ya kopi, mistari mingine imefifia kabisa. Na dada mwenyewe alikuwa hatua tano tu kutoka pale, kwenye kiti cha magurudumu, uchungu unamjia na kuachia lakini akili timamu, anaongea, mtu mzima wa miaka 29. Hakuna aliyemuuliza.

Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu mpaka leo. Ila wiki ya pili mshono ukaanza kutoa usaha, tukarudi, nikauliza kwa adabu tu jamani imekuwaje hii, na mtu mwenye koti jeupe akanijibu: "Wewe si ulisaini?"

Nikanyamaza, maana na mimi niliamini hivohivo, kwamba ile saini yangu imeshafunga mdomo wa familia nzima. Na najua wako wengi wanaoamini hivo, ndo maana naandika.

Sikilizeni ndugu zangu. Kisheria kumgusa mtu mwilini bila ruhusa yake ni kosa, hata uwe umeshika kisu cha kumponyesha. Ridhaa ndo inamtoa daktari kwenye kosa hilo, basi, kazi yake inaishia hapo. Inasema nakuruhusu unipasue, haisemi nakuruhusu unipasue ovyo. Hata Kanuni ya Adhabu yetu ya Tanzania, Sura ya 16, pale inapomkinga mpasuaji asishitakiwe, inaweka sharti kwamba awe amefanya kwa nia njema na kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Ule uangalifu haufutwi na saini ya mtu.

Mnakumbuka Novemba 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili? Wagonjwa wawili, jina la kwanza moja, mmoja anaumwa goti mwingine ana tatizo kichwani, wakabadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, na huyu wa kichwa baadaye akafariki. Hebu mtu aniambie ni fomu gani duniani inaweza kufunika jambo kama lile.

Sisemi kila baya likitokea daktari kazembea, hapana. Mshono unaweza kupata maambukizi hata pale kila mtu alipofanya kazi yake vizuri, na manesi wetu wanahudumia wodi zilizojaa mpaka wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, nimeona kwa macho yangu. Kipimo ambacho mahakama zilizorithi sheria za Uingereza zimezoea kukitumia ni kile cha kesi ya Bolam ya 1957, yani je, alifanya kama ambavyo daktari mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo angefanya? Hilo ndo swali. Na swali hujibiwa kwa kufungua faili na kuangalia nani alifanya nini saa ngapi, siyo kwa kuonyeshwa saini yangu.

Halafu ridhaa yenyewe lazima iwe ya mtu aliyeelezwa. Huko Uingereza mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mama mmoja, Montgomery, mwenye kisukari na umbo dogo, ambaye hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yanaweza kukwama akijifungua kwa njia ya kawaida, na uwezekano ulikuwa kama asilimia 9 hadi 10, mtoto akakwama kweli na akapata ulemavu. Mahakama ikasema mgonjwa anatakiwa aambiwe hatari ambayo mtu mwenye hali kama yake angetaka kuijua. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini naisoma naona kabisa korido ile na kalamu ile.

Na hili la kumtafuta mume au kaka asaini wakati mwanamke yupo macho, linaniuma kuliko yote. Mwili ni wake. Mtu mzima mwenye akili timamu ndo mwenye ridhaa, sisi ndugu tunaombwa tu kama yeye hawezi, na kama kazimia na hali ni mbaya daktari anaruhusiwa kuokoa maisha bila kumsubiri mtu yeyote. Kuna akina mama wanacheleweshwa kwa sababu simu ya baba watoto haipatikani!

Ukiwa na lalamiko, jua pa kulipeleka. Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, nesi na mkunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mabaraza haya yanashughulika na leseni, yaani kuonya, kusimamisha, kufuta jina kwenye rejista. Fidia hulipati huko, hiyo ni mahakamani, na una miaka mitatu tu ya kufungua madai ya uzembe, tena kama hospitali ni ya serikali inabidi kwanza utoe notisi ya siku 90. Sisi tulikuja kuyajua haya tumeshachoka, dada akasema basi kaka, mshono umepona, tuache.

Mimba ya pili alipasuliwa tena. Safari hii alipoletewa fomu akamwambia nesi, sista naomba unisomee kwa Kiswahili. Yule binti akavuta kiti, akamsomea mstari kwa mstari, ganzi ya mgongo, damu kupotea, kidonda, dakika kama nane hivi. Dada akauliza maswali mawili, akachukua kalamu akasaini mwenyewe, mimi nimesimama pembeni nimemshikia kanga.