Ofseti ifutwe kabla biti haijasomwa

Watu wakizungumzia maendeleo ya DRAM, memori kuu ya kompyuta na simu, huzungumzia seli, yaani kijumba kinachohifadhi biti moja: imekuwa ndogo kiasi gani, zimeingia ngapi kwenye chipu. Mimi naamini kazi nzito zaidi sasa iko mwishoni mwa laini ya biti (waya unaotumiwa na seli nyingi kusomwa), kwenye amplifaya ya kuhisi inayokuza ishara ya seli, na adui wake mkubwa ni ofseti: tofauti ndogo ya volti kati ya pande zake mbili ambazo zingepaswa kulingana. Naamini pia kwamba dawa yake ni kuifuta palepale ilipo. Kuiacha ipite ili irekebishwe mbele ya safari ni gharama tunayoilipa bila sababu.

Tufanye hesabu. Seli ya DRAM ni transista moja na kapasita moja, muundo ambao Robert Dennard wa IBM aliuombea hataza mwaka 1967 na kuipata mwaka 1968. Kapasita hiyo siku hizi ina kama femtofaradi 10 tu. Laini ya biti ina mara kadhaa ya hapo, tuseme 40. DDR5, kizazi kipya cha DRAM, hutumia volti 1.1, na laini huandaliwa ikiwa kwenye nusu yake, volti 0.55. Seli iliyohifadhi "moja" ikifunguliwa, chaji yake inatawanyika kwenye laini nzima na kuipandisha kwa milivolti 110 hivi. Chaji yote ya ziada iliyokuwamo ndani ya seli ni elektroni kama 34,000. Na hapo nimechukulia kwamba seli imejazwa sasa hivi. Ikikaribia kutimiza milisekunde 32 bila kuhuishwa (kujazwa chaji upya), sehemu ya chaji imeshavuja, na laini za jirani nazo zinapiga kelele zake.

Amplifaya inayopokea ishara hiyo dhaifu ni jozi za transista zilizounganishwa kimkingamo, kila moja ikiendesha geti (ncha ya kuiwasha na kuizima) la mwenzake, mtindo uliodumu tangu kazi ya Karl Stein na wenzake wa Siemens mwaka 1972. Inalinganisha laini mbili, iliyozidi kidogo inasukumwa hadi juu kabisa, nyingine inashushwa hadi chini. Naipenda sana sakiti hii. Kwa tendo moja inasoma, inakuza, na kuirudishia seli chaji yake. Lakini kila kitu ndani yake kinategemea pande mbili kuwa pacha, na pande hizo si pacha. Atomi zilizopandikizwa chini ya geti hazilingani idadi hata kwa transista zilizokaa bega kwa bega, kingo za geti hazinyooki sawasawa, na hivyo volti ambayo kila moja huanza kupitisha mkondo inatofautiana na ya mwenzake. Ni mizani ya sokoni iliyokwisha kulalia upande mmoja kabla nyanya hazijawekwa.

Tofauti ya milivolti chache haitishi mpaka uhesabu ni amplifaya ngapi zimo. Chipu ya gigabiti 16, kila amplifaya ikihudumia seli 1,024, ina amplifaya zaidi ya milioni 16.7. Tuchukulie mchepuko sanifu wa ofseti, yaani kipimo cha jinsi inavyotawanyika, ni milivolti 10 na mtawanyiko ni wa kawaida, wenye umbo la kengele. Zitakazopita milivolti 40 ni kama elfu moja. Zitakazopita 50 ni kama kumi. Ishara iliyovuja ikishuka hadi milivolti 50, hizo kumi tayari zinaweza kusema uongo. Ukiweza kupunguza mchepuko huo hadi milivolti 5, kikomo kilekile cha 50 kinakuwa umbali wa mara kumi ya mchepuko, na tatizo linatoweka kwa matumizi yote ya kawaida.

Utapunguzaje? Njia ya kwanza ni kuongeza ukubwa wa transista. Marcel Pelgrom na wenzake wa Philips walionyesha mwaka 1989 kwamba tofauti kati ya transista mbili hupungua kwa kipeuo cha pili cha eneo lake, kwa hiyo kuipunguza kwa nusu kunadai eneo mara nne. Amplifaya imebanwa ndani ya upana wa laini chache za biti. Nafasi hiyo haipo.

Njia ya pili ni kutegemea usahihishaji wa makosa. DDR5 ina biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 128 ndani ya chipu yenyewe, na sina ugomvi na uwepo wake. Ugomvi wangu ni pale unapotumika kufunika ofseti. Amplifaya iliyopinda itapinda leo na kesho, na kwa kila seli inayoihudumia. Usahihishaji wa aina hii unaweza kurekebisha biti moja tu katika kundi. Ukiutumia kufunika kasoro ya kudumu ambayo ingepimwa tangu mwanzo, basi mionzi ikija kugeuza biti ya pili katika kundi hilohilo hakuna tena kinga. Tumetumia akiba ya dharura kununulia mahitaji ya kila siku.

Ndiyo maana natetea njia ya tatu. Kabla seli haijafunguliwa, swichi za ziada huunganisha kila transista kwa muda mfupi ili iendeshe geti lake yenyewe. Laini mbili za biti husogea zenyewe kwa kiasi cha tofauti iliyopo kati ya transista hizo, na tofauti hiyo inabaki imehifadhiwa kwenye laini. Kisha muunganiko wa mkingamo unarudishwa, seli inafunguliwa, na ulinganishaji unaanza kutoka mahali palipokwisha kusawazishwa. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayehitaji kujua ofseti ya amplifaya fulani ni ngapi. Kila moja inajipima, na inajipima upya kila safu ya seli inapofunguliwa, hata joto likibadilika au transista zikizeeka.

Gharama ipo: swichi, nyaya za kuziongoza, na muda. Kufungua safu hadi kuweza kusoma huchukua kama nanosekunde 14 kwenye DDR4 ya kawaida, kizazi kilichotangulia DDR5, na hapo kila nanosekunde inagombaniwa. Hata hivyo naona ni biashara nzuri. Ishara safi hukua haraka zaidi, kwa hiyo sehemu ya muda uliotumika inarudi. Seli inaweza kuvuja zaidi na bado ikasomeka, na volti ya chipu inaweza kushushwa bila hofu ileile.

Watengenezaji wenyewe wameanza kuikubali. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walipiga picha za ndani za chipu za DDR4 na DDR5 kwa hadubini ya elektroni, wakakuta baadhi tayari zina sakiti za kufuta ofseti, huku tafiti nyingi za vyuo zikiendelea kuiga amplifaya ya zamani. Hili linaniudhi. Watu wamepoteza miaka wakipendekeza maboresho juu ya sakiti ambayo haimo tena kwenye chipu wanayoisema, kwa sababu tu mchoro ni siri. Kutangaza muundo wa jumla wa amplifaya hakumpi mshindani kiwanda.

Kwa wanafunzi wetu wa elektroniki, iwe Dar es Salaam au Nyeri, kuna mlango ambao haukuwapo kwa waliotutangulia. Tangu mwaka 2020 modeli za transista za kiwanda cha chipu cha SkyWater, za teknolojia ya nanomita 130, zinapatikana bure, pamoja na takwimu za transista kutolingana, na ngspice, programu huria ya kuiga sakiti, inaziendesha kwenye laptopu ya kawaida. Si teknolojia ya DRAM, lakini amplifaya ya SRAM, memori isiyohitaji kuhuishwa, inatosha kabisa kuanzia. Ichoreni, endesheni Monte Carlo (kuiga sakiti mara nyingi kwa tofauti za kubahatisha), mwone mtawanyiko wa ofseti. Halafu ongezeni zile swichi na muendeshe tena, na msisahau kupima nanosekunde zilizoongezeka.