Folda ya Kushea Isiachwe Wazi

Kwenye steshenari yetu hapa Majengo, Moshi, folda moja ndiyo inayobeba kazi ya siku nzima. Mteja akileta cheti cha kidato cha nne kuskaniwa, dada wa mapokezi anakitupia humo, nami nakifungua upande wa kuprinti. Folda iko kwenye kompyuta ya Windows. Ya kwangu nayo ilikuwa Windows 10 hadi Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuihudumia. Windows 11 ikaikataa mashine kwa uzee wake, nikaiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Inakwenda vizuri mno. Ila folda ikagoma: nikiandika neno la siri, inaniuliza tena, na tena.

Fundi tuliyemwita hakukaa hata robo saa. “Dada, tuwashe SMB1, halafu folda tuiachie kila mtu, bila neno la siri. Kazi imekwisha.” Nikamkatalia. Naomba na wewe ukiambiwa hivyo ukatae.

SMB ndiyo lugha ambayo kompyuta za Windows hupeana faili kwenye mtandao. Linux inaielewa lugha hiyo kutokana na kazi kubwa ya watu wa Samba, mradi ulioanzishwa na Andrew Tridgell kule Australia mwaka 1992. Lakini SMB1 ni toleo la kale, na ubovu wake uliumiza watu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye tundu la SMB1 ya Windows, kikafunga faili za watu na kudai fedha; Uingereza hospitali zilifika hadi kuahirisha miadi ya wagonjwa. Tangu hapo Microsoft wameacha kuiweka kwenye Windows mpya, na Samba nayo imekuja ikiwa imezimwa tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Mlango umefungwa pande zote mbili. Sisi tuufungue kwa sababu gani?

Tena tazama kilichomo ndani ya folda: nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua za kuomba kazi. Mama aliyepanda daladala kutoka Marangu kuja kutoa kopi ya karatasi za kihamba chake, yaani shamba la ukoo, ametuamini sisi, si kila aliyeketi kwenye benchi. Na neno la siri la waifai yetu limebandikwa ukutani! Folda ikiachwa wazi, yeyote mwenye simu hapo nje anaweza kuingia na kuchukua anachotaka.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Ile kompyuta ya Windows hufunguliwa kwa pini ya tarakimu nne, na mimi nilikuwa naandika hiyohiyo pini. Pini hufanya kazi kwenye mashine yake tu, haisafiri kwenye mtandao. Tukatengeneza ndani ya Windows akaunti nyingine yenye neno la siri refu, tukaipa ruhusa kwenye folda ile moja. Kwenye Linux nikaandika smb:// pamoja na anwani ya kompyuta na jina la folda, nikaingiza jina la akaunti mpya, ikafunguka.

Ili niikute kila asubuhi niliweka cifs-utils, programu ya kuunganisha folda za SMB, na mstari mmoja kwenye /etc/fstab, faili ambalo Linux husoma inapowaka ili ijue folda za kuunganisha. Neno la siri nikaliweka kwenye faili lake peke yake, lisilosomwa na mtumiaji wa kawaida. Kuliandika ndani ya fstab ni kosa, maana kila anayetumia kompyuta hiyo anaweza kulisoma. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ilikuwa ikiipa Windows anwani nyingine na folda inapotea, kwa hiyo tukaitengea anwani ya kudumu.

Sasa tunapambana na kufuta. Jumamosi jioni, kabla ya kushusha mlango, mimi na dada wa mapokezi tunaipitia folda faili kwa faili, na ambayo mwenyewe ameshachukua kazi yake tunaiondoa.